Kalamu yako ya kwanza ya wino: nibu ipi?

Ukienda kununua kalamu ya wino ya nibu kwa mara ya kwanza, utakuta herufi zimechongwa kwenye nibu, yaani ncha inayoandika: EF, F, M au B, kuanzia nyembamba kabisa hadi nene. Usianze na herufi hizo. Anza na daftari lako na mwandiko wako.

Karatasi za madaftari mengi ya bei rahisi hunywa wino. Nibu ya M hutoa wino mwingi, basi mstari unatambaa na kutokea upande wa pili. Kwa karatasi hizo, au kama unaandika herufi ndogondogo, chukua F. M iachie karatasi laini na mwandiko mkubwa. Anayeandika kwa mkono wa kushoto naye F humfaa, maana wino mchache hukauka upesi kabla kiganja hakijaupitia.

Wengi hujikwaa hapa: F si moja dunia nzima. Nibu za Kijapani, kama za Pilot, Platinum na Sailor, kwa kawaida ni nyembamba kuliko za Ulaya. F ya Pilot hukaribia EF ya Lamy ya Ujerumani. EF ya Kijapani mimi simshauri anayeanza. Hukwaruza kidogo, naye atadhani kauziwa mbovu.

Bado unasita? Lamy Safari nibu yake huchomoka, kwa hiyo ukikosea unanunua nibu tu, si kalamu nzima. Na usiikandamize kama Bic.