Soma brakio pleksasi leo, uikumbuke ukiwa wodini

Mwanafunzi anafaulu anatomia mwaka wa kwanza. Mwaka wa tatu, kwenye raundi, anaulizwa kwa nini mgonjwa aliyevunjika mkono hawezi kuinua kiganja, naye anabaki kimya. Madesa aliyarudia mara tano. Kurudia kusoma huyafanya maneno yazoeleke machoni, lakini wodini unatakiwa uyatoe kichwani bila karatasi, na hilo lina mazoezi yake. Tutumie brakio pleksasi, yaani mtandao wa neva unaohudumia mkono.

Hatua ya 1: Soma mara moja, uelewe
Dakika 30 zinatosha. Shika mpangilio: mizizi 5 (neva zinazotoka uti wa mgongo, kuanzia C5 ya shingoni hadi T1 ya kifuani), vigogo 3, migawanyiko 6, kamba 3, matawi makuu 5. Usipigie mstari chochote.

Hatua ya 2: Funga kitabu, uchore
Chukua karatasi tupu. C5 na C6 zinaungana kuwa kigogo cha juu, C7 inakwenda peke yake, C8 na T1 zinafanya cha chini. Kila kigogo kinagawanyika mbele na nyuma. Migawanyiko yote mitatu ya nyuma inaunda kamba ya nyuma; ya mbele ya kigogo cha juu na cha kati inaunda kamba ya nje; ule wa mbele wa kigogo cha chini unaendelea kuwa kamba ya ndani.

Ukikwama, acha pengo uendelee. Wengi huharibu hapa: wanachungulia baada ya sekunde tano, wanasema "aa, nilikuwa naijua". Ile taabu ya kutafuta jibu ndiyo inayolikaza kichwani. Jipe dakika 10 kamili, kisha fungua kitabu usahihishe kwa kalamu nyekundu. Hiyo karatasi yenye wino mwekundu itunze, ndiyo ramani ya udhaifu wako.

Hatua ya 3: Geuza wino mwekundu kuwa kadi
Swali moja, jibu moja. "Eleza neva ya radiali" ni kadi mbovu, kwa sababu utakumbuka nusu na kujisamehe nusu nyingine. Ivunje:

– Humerasi (mfupa wa mkono wa juu) imevunjika katikati ya shina. Neva gani iko hatarini? Radiali.
– Kwa nini hiyo? Inapita imeegemea mfupa, kwenye mfereji wa nyuma.
– Mgonjwa akisukuma ukuta, bapa la bega linachomoza. Neva gani? Thorasiki ndefu, C5 hadi C7.

Programu ya Anki, inayokupangia kadi za kurudia kila siku, ni ya bure kwenye kompyuta na Android. Huna simu nzuri? Kata manila, mambo ni yale yale.

Hatua ya 4: Rudia kwa kuachanisha siku
Mwanasaikolojia Mjerumani Hermann Ebbinghaus alionyesha mwaka 1885 kwamba usahaulifu hukimbia zaidi mwanzoni, saa na siku za kwanza. Kwa hiyo marudio ya kwanza yawe kesho yake. Kwa manila, tumia siku ya 1, 3, 7, 16 na 35. Ukikosa jibu, kadi inarudi mwanzo.

Kwenye Anki, anza na kadi mpya 10 kwa siku. Ukiweka 20, baada ya wiki kadhaa marudio yanaweza kufika 150 au 200 kila siku, na hapo ndipo watu huacha. Ukilimbikiza, simamisha kadi mpya kwanza, maliza deni. Jambo jingine: umesahau, halafu unabonyeza kitufe cha "ngumu". Programu inahesabu kwamba umejua na kuisogeza kadi mbele. Umesahau? Bonyeza kile cha kwanza kushoto. Kadi inayokushinda kila mara iandike upya, kosa liko kwenye swali.

Hatua ya 5: Ipeleke mwilini
Changanya kadi za mkono na za mguu, usizifanye mada kwa mada. Kisha mwombe mwenzako wa chumbani anyooshe mkono. Ainue kiganja juu ukikizuia: radiali. Atanue vidole ukivibana: alna. Agusanishe ncha ya kidole gumba na ya kidole cha mwisho, nawe ujaribu kuziachanisha: mediani. Kabla hajafanya kila kimoja, taja neva kwa sauti, na mizizi yake.