Filamu za kutisha za Kitaliano kwenye diski: kuchagua toleo na kulichezesha ukiwa Afrika Mashariki

Hatua ya 1: Chagua toleo

Filamu moja huweza kuwa na diski nne au tano za kampuni tofauti. Kava lisikuvute, soma picha imetoka wapi. Unachotaka ni skani ya 4K (picha ya kidijitali yenye pikseli karibu 4,000 kwa upana) ya negativu halisi ya kamera, yaani mkanda uleule uliopigwa picha wakati wa kutengeneza filamu. Suspiria ya Dario Argento (1977) ni kipimo kizuri: Synapse Films ya Marekani ilipoitoa kwa Blu-ray mwaka 2017, rangi zilisimamiwa na Luciano Tovoli, mpiga picha wa filamu hiyo mwenyewe, na sauti ya Kiingereza ya chaneli 4 ikarudishwa. Chembe zinazotetemeka kwenye picha ni za mkanda wa filamu wenyewe, ziache. Uso ukionekana laini kama nta, chembe zimefutwa kwa kompyuta na ngozi imekwenda nazo. Diski hiyo usinunue.

Hatua ya 2: Hakikisha deki yako itaisoma

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea.

Blu-ray zina kanda tatu, yaani maeneo ya dunia ambayo diski na deki hufungiwa. Afrika yote, sehemu kubwa ya Ulaya na nchi za Ghuba ni B; Marekani ni A. Tazama nyuma ya kasha: herufi imo ndani ya alama yenye pembe sita. Kasha la A peke yake litakataliwa na deki iliyonunuliwa Dar es Salaam au Nairobi, hata kama ni mpya kabisa. DVD zina mpango wao: Tanzania na Kenya ni kanda ya 5, Uingereza ya 2, Marekani ya 1.

Muuzaji akikwambia deki inasoma kanda zote, muulize: za DVD, au za Blu-ray pia? Mara nyingi kilichoondolewa kufuli ya kanda ni DVD tu. Ukipata iliyofunguliwa kweli, usisasishe programu yake ovyo, maana sasisho linaweza kuifunga tena. Na ukiiagiza Marekani, soma kibandiko cha nyuma: kiandike 100–240V. Kikiandika 120V tu, umeme wetu utaiunguza.

Diski za 4K UHD (aina ya Blu-ray yenye picha kali zaidi, inayohitaji deki yake) hazifungwi kwa kanda, ndiyo maana mimi huzipendekeza kwanza. Ila kasha la UHD mara nyingi lina Blu-ray ya kawaida yenye mahojiano na makala za ziada, na hiyo huweza kuwa imefungwa. Utaona filamu, mahojiano utayakosa.

Hatua ya 3: Linganisha urefu

DVD za PAL (mfumo wa televisheni wa Ulaya na Afrika Mashariki) huenda fremu, yaani picha, 25 kwa sekunde badala ya 24 za sinema. Filamu ya dakika 98 itaonyesha 94, na hakuna kilichokatwa. Zidisha dakika za PAL kwa 25, gawanya kwa 24. Jibu likiwa bado pungufu kuliko urefu halisi wa filamu, hapo mkasi umepita.

Hatua ya 4: Sauti na manukuu

Filamu nyingi za Italia za miaka ya 1970 ziliingiziwa sauti studio baadaye, kwa Kiitaliano na kwa Kiingereza pia, na maneno hayafanani. Kwa hiyo diski nzuri ina manukuu mawili ya Kiingereza: tafsiri ya Kiitaliano, na ya wasiosikia yanayofuata sauti ya Kiingereza. Ukisikiliza Kiitaliano huku skrini inaandika pia mlio wa mlango na radi, umewasha yasiyo yake. Rudi kwenye menyu, chagua mengine.