Hisabati ya KCSE: jisahihishe kama mtahini, hatua kwa hatua

Wengi hurudia hesabu hivi: wananunua rundo la karatasi za miaka iliyopita kwenye fotokopi ya mjini, wanajibu swali, wanafungua majibu nyuma, namba zikilingana wanaweka tiki na kusonga mbele. Hapo ndipo alama zinapovujia. Mtahini hasahihishi jibu peke yake, anasahihisha njia. Mwongozo huu ni wa anayejiandaa kwa Hisabati 121 (namba ya somo hili kwenye KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari Kenya), awe shuleni au mtahiniwa wa kibinafsi, mwenye wiki kumi na mbili hivi mkononi.

Hatua ya 1: Jua uzito wa kila alama

Kuna karatasi mbili, kila moja saa mbili na nusu na alama 100. Sehemu ya I ina maswali 16 ya alama 50, na yote ni ya lazima. Sehemu ya II ina maswali 8 ya alama 10 kila moja, nawe unachagua 5. Ukigawanya dakika 150 kwa alama 100, unapata dakika moja na nusu kwa kila alama. Swali la alama 3 lina dakika nne na nusu, la alama 10 lina dakika 15.

Karatasi ya kwanza huegemea kazi ya kidato cha kwanza na cha pili; ya pili huegemea cha tatu na cha nne. Kwa hiyo usianze na kalkulasi (calculus) eti kwa sababu ndiyo inayokutisha. Anza na sehemu, uwiano, aljebra ya kidato cha pili na maeneo ya maumbo. Huko alama ni za bei rahisi, na bila huko karatasi ya pili haiendi.

Hatua ya 2: Jifunze herufi M, A na B

Usinunue karatasi zisizo na mwongozo wa kusahihisha. Ndani yake utaona M (alama ya njia), A (alama ya usahihi, inayotegemea njia) na B (alama inayojitegemea). Chukua swali hili:

Sh. 50,000 zimewekwa benki kwa riba ya asilimia 12 kwa mwaka, riba ikijumlishwa kila baada ya miezi mitatu. Zitakuwa ngapi baada ya miaka 2?

Kiwango cha robo mwaka: 12 ÷ 4 = asilimia 3.
Vipindi: 2 × 4 = 8.
Jumla: 50,000 × (1.03)⁸ = Sh. 63,338.50.

Likiwa la alama 3, mgawanyo unaweza kuwa hivi: M moja kwa kupata asilimia 3 na vipindi 8, M ya pili kwa kuziingiza kwenye fomula, A kwa jibu. Sasa tazama wanavyokosea. Aliyeandika 50,000 × (1.12)² anapata 62,720 na hana chochote, maana njia si yenyewe. Aliyekadiria (1.03)⁸ kuwa 1.27 katikati ya kazi anapata 63,500: M zake ziko salama, A imeenda. Usikadirie kabla ya mstari wa mwisho. Iache namba na desimali zake zote kwenye kikokotoo. Na aliyeandika jibu tupu amepuuza maagizo ya jalada, yanayotaka hatua zote zionyeshwe.

Hatua ya 3: Fungua daftari la makosa

Kila alama uliyopoteza iandike chini ya kichwa kimoja kati ya vitatu: sikujua, nilikosea hesabu, nilisoma vibaya. Baada ya karatasi nne, hesabu. "Sikujua" zikiwa nyingi, unahitaji mwalimu au mwenzako wa kukufundisha mada hiyo. Karatasi zaidi hazitakusaidia. Kundi la "nilisoma vibaya" ndilo linaloudhi zaidi na ndilo rahisi kuponya: pigia mstari kinachoulizwa kabla ya kuandika. Kwenye swali la kodi ya mapato, kwa mfano, watu husahau kujumlisha marupurupu ya nyumba kabla ya kugawa mapato kwenye viwango, au huondoa nafuu ya kodi kwenye mshahara badala ya kuiondoa kwenye kodi yenyewe.

Hatua ya 4: Logi (logarithimu) za namba ndogo kuliko 1

Mada hii tuikalie kidogo, kwa sababu swali likisema tumia majedwali ya logi, kikokotoo hakitakuokoa. Tafuta kipeuo cha tatu cha 0.0372.

Logi yake ni 2̄.5705. Kile kistari kinamaanisha hasi 2 jumlisha 0.5705, hasi iko kwenye 2 peke yake. Ukigawa 2̄.5705 kwa 3 moja kwa moja, unaharibu, kwa kuwa 2 haigawanyiki kwa 3. Azima 1: iandike kama 3̄ + 1.5705. Sasa gawa kila upande kwa 3: 1̄ + 0.5235. Antilogi ya 0.5235 ni 3.338, na 1̄ inairudisha nukta hatua moja: 0.3338. Hakiki kwa 0.3338 × 0.3338 × 0.3338; utapata karibu 0.0372.

Fanya kumi za aina hii kwa siku tatu mfululizo, kisha ziache.

Hatua ya 5: Vifaa

Bonyeza sin 30 kwenye kikokotoo. Kikikupa 0.5, kiko kwenye digrii. Kikikupa −0.988, kiko kwenye radiani na kitaua kila swali la trigonometria. Kwenye michoro ya rula na bikari, usifute tao ulizochora. Ndizo ushahidi wa njia. Penseli iwe na ncha kali, na grafu ya mkunjo ichorwe kwa mkono, si kwa rula.

Hatua ya 6: Karatasi nzima, saa ikienda

Wiki nne za mwisho, fanya karatasi moja kila Jumamosi asubuhi. Kama nyumbani kuna kelele, Nairobi kuna maktaba za kaunti: McMillan mjini, au matawi ya Kaloleni na Makadara. Ipe Sehemu ya I dakika 70. Swali likikwama dakika tano, liruke. Tumia dakika tano kusoma maswali yote manane ya Sehemu ya II na kuchagua matano. Dakika 15 kwa kila moja zinamalizia muda wako. La sita halikuongezei kitu.

Isahihishe kesho yake, kwa kalamu nyekundu, mwongozo ukiwa kando. Hatua uliyoifanya kichwani usijipe M.