Somo: Kuisali Sala ya Kutubu bila kuikimbiza

Tumsifu Yesu Kristo!

Juzi nilikuwa na watoto wa mafundisho ya Komunyo ya kwanza. Nikawaomba wasali Sala ya Kutubu, wakaimaliza kabla sijakaa vizuri kwenye benchi. Nikamuuliza mmoja: hapo unaposema "wachukizwa na dhambi", ni nani huyo anayechukizwa? Akajibu bila wasiwasi, "Ni wale watu, mwalimu, wachukizwa." Nilicheka, lakini njiani kurudi nyumbani nikajiuliza ni watu wazima wangapi tungejibu vizuri zaidi. Ni Kiswahili cha zamani: "wachukizwa" maana yake "wewe unachukizwa". Anayeambiwa ni Mungu.

Basi leo tuipitie polepole, hasa kwa matumizi ya usiku kabla ya kulala.

Sala yenyewe, kama tulivyofundishwa wengi wetu (kwingine maneno hutofautiana kidogo):

"Mungu wangu, nimetubu sana niliyokosa kwako, kwani ndiwe mwema, ndiwe mwenye kupendeza, wachukizwa na dhambi. Basi sitaki kukosa tena, nitafanya kitubio, naomba neema yako nirudi. Amina."

Hatua ya 1. Nyamaza kwanza, umtazame Mungu
Wengi tunaanza na orodha ya makosa, na hapo ndipo tunapopotea. Angalia Zaburi ya 51, ile ambayo Kanisa huisali kila Ijumaa katika Masifu ya Asubuhi (sala rasmi ya Kanisa ya kuanza siku). Daudi alikuwa amemchukua mke wa Uria na kumfanyia Uria hila auawe vitani, kisha nabii Nathani akamjia. Zaburi inayohusishwa na toba yake inaanza hivi: "Ee Mungu, unirehemu, sawasawa na fadhili zako." Fadhili za Mungu zimetangulia, uovu unafuata.

Usiku ule Yesu alipokamatwa, Petro alimkana. Yuda naye, alipoona Yesu amehukumiwa, alijuta. Injili ya Mathayo inalisema wazi, na akarudisha vile vipande 30 vya fedha. Lakini alibaki na kosa lake peke yake, akaenda kujinyonga. Petro, anasema Luka, aligeukiwa na Bwana akatazamwa, ndipo akatoka nje akalia. Kwa hiyo kaa dakika moja au mbili mbele ya msalaba ulio ukutani, usiseme kitu.

Hatua ya 2. Pitia siku
Tumia sala ya "Nakuungamia" kama taa: mawazo, maneno, vitendo, kutotimiza wajibu. Vitatu vya kwanza huonekana upesi. Hilo la nne ndilo tunalolipita mbio. Mgonjwa wa Jumuiya (kikundi chenu cha waamini majirani) uliyeahidi kumtembelea. Mshahara wa dada wa kazi uliousogeza mbele ilhali fedha unayo. Mzazi kijijini ambaye hujampigia simu tangu Pasaka. Litaje kosa kwa jina lake. "Nimekosa kwa ulimi" ni maneno ya kujificha. Sema: "Nimemsengenya jirani yangu kisimani."

Hatua ya 3. Sali kipande kwa kipande
"Nimetubu sana niliyokosa kwako." Pumzika.

"Kwani ndiwe mwema." Hapa kaa zaidi, maana neno "kwani" ndilo linalotoa sababu ya majuto yako. Kanisa linafundisha kuna majuto kamili, yanayotokana na kumpenda Mungu kuliko vyote, na majuto yasiyo kamili, yanayotokana na kuona ubaya wa dhambi au kuogopa adhabu. Haya ya pili nayo ni neema, na yanatosha kumwandaa mtu kwa Kitubio, yaani sakramenti ya kuungama dhambi kwa padri. Lakini sala yetu haikutaja moto hata mara moja. Imetaja wema wa Mungu.

"Basi sitaki kukosa tena." Chagua jambo moja la kesho, dogo na la hakika. Mimi hulitaja kwa sauti.

"Naomba neema yako nirudi." Umekubali kwamba kwa nguvu zako hufiki.

Hatua ya 4. Peleka kiungamioni
Dhambi ya mauti, yaani dhambi nzito inayomtenga mtu na Mungu, haiishii kitandani. Amri ya Kanisa inasema uungame walau mara moja kwa mwaka, lakini ukishaijua dhambi hiyo usingoje Kwaresima.

MASWALI YA WANACHAMA

Mama wa Kwaya: Mwalimu, mimi silii kabisa nikitubu. Ina maana sijuti?
Jibu: Hapana, mama. Mtaguso wa Trento, mkutano mkuu wa maaskofu, mwaka 1551 ulieleza majuto kuwa uchungu wa roho na kuichukia dhambi, pamoja na kusudi la kutoitenda tena. Machozi hayamo. Yakija, mshukuru Mungu.

Wa Kigangoni: Padri hutufikia mara chache sana. Nikifa kabla hajaja?
Jibu: Majuto kamili, yakiwa na nia thabiti ya kuungama mara itakapowezekana, yanaondoa hata dhambi za mauti. Papa Fransisko alikumbusha jambo hili tarehe 20 Machi 2020, watu walipofungiwa majumbani kwa korona. Ila padri akifika, usijifiche nyuma ya mwembe.

Kijana: Dhambi ni ile ile kila mwezi. Nikisema "sitaki kukosa tena" si namdanganya Mungu?
Jibu: Kukusudia si kutabiri, mwanangu. Unaweza kuhofu kwamba utaanguka na bado hutaki kuanguka. Uongo ungekuwepo kama umeshapanga siku na saa. Ila angalia pia mazingira: kama ni simu, isilale chumbani kwako.

Dada wa Jumuiya: Naishi na baba watoto bila ndoa. Niiache sala hii?
Jibu: Usiiache, dada yangu. Sali kila usiku, na ukifika kwenye "nirudi" omba hasa hilo. Kisha nendeni wote wawili kwa paroko, au aanze mmoja, mjue kama kuna kizuizi au ni mahari na gharama za sherehe tu. Ndoa nyingi zimefungwa asubuhi, mashahidi wawili, chai ikanywewa nyumbani.

Msahaulifu: Kiungamioni huwa nasahau sala yote, natetemeka!
Jibu: Ibada ya Kitubio inaruhusu maneno mafupi. Sema: "Bwana Yesu, Mwana wa Mungu, unihurumie mimi mwenye dhambi." Ukisahau na hayo, mwambie padri umesahau. Atakuongoza.