Chagua fani kwa kuangalia siku ya kazi, si jina la kazi

Mwongozo huu ni kwa aliyemaliza kidato cha nne au cha sita, na kwa mzazi, kaka au dada anayekaa naye kupanga. Tafuta daftari na utenge wiki mbili au tatu. Msianze na swali la "unataka kuwa nani?" Jibu lake huwa daktari, mwanasheria, injinia au rubani, maana ndiyo majina ambayo mtoto ameyasikia tangu darasa la kwanza.

Hatua ya 1: Orodha ya matendo

Andika mambo kumi na tano uliyoyafanya ukayamaliza bila kusukumwa, kila moja lianze na kitenzi: kutunza daftari la kikoba, kufungua redio mbovu, kukaa gengeni mwenyewe akisafiri, kumfundisha mdogo wako hesabu.

Hatua ya 2: Geuza sifa kuwa ushahidi

Hapa ndipo wengi wanapokwama, kwa hiyo msiharakishe. Ukiulizwa vipaji vyako utaandika "mchapakazi, mvumilivu, napenda watu". Maneno hayo yanamfaa muuguzi na yanamfaa kondakta wa daladala, hivyo hayakusaidii kuchagua. Badala yake, mbele ya kila tendo weka alama kwenye safu tatu: naliweza, nalipenda, nasifiwa. "Naliweza" inahitaji ushahidi: mtu alirudi kukuomba tena, au hesabu zilikaa sawa mwisho wa mwezi. "Nalipenda" maana yake ulilitafuta tena mwenyewe.

Safu hizo tatu hazikubaliani kila mara. Binti wa kwanza anayeuguza wagonjwa nyumbani husifiwa na ukoo mzima, kisha anaambiwa akasomee uuguzi. Huenda anaweza kweli, lakini kazi yenyewe inamchosha. Mwulize kama angeifanya kwa mgonjwa asiye ndugu yake, saa tisa usiku, wiki nzima ya zamu.

Alama za mtihani nazo zisomwe kwa uangalifu. A ya Biolojia ya kidato cha nne, yaani 75 kwenda juu, inaweza kuwa kazi ya mwalimu mzuri. C ya Hisabati haifuti ukweli kwamba daftari la kikoba halijawahi kupishana hata shilingi mia. Cheti kinaamua mlango upi uko wazi. Kama utadumu humo ndani, hilo halimo kwenye cheti.

"Napenda watu" ivunjwe vipande. Wangapi kwa mpigo: mmoja au ukumbi mzima? Unaowajua au wageni? Wenye shida au waliotulia? Unawasikiliza au unawashawishi? Mnaonana mara moja au muhula mzima? Anayependa kumsikiliza mtu mmoja kwa muda mrefu atateseka kwenye mauzo, na anayechangamkia wageni wapya kila saa atachoka darasani.

Tatizo la mwisho ni adabu. Tumelelewa tusijisifu, kwa hiyo orodha itatoka nyembamba. Waulize watu watatu waliokuona ukifanya kazi, kama mwenye duka jirani, mwalimu wa zamu au nahodha wa timu: "Ukinihitaji, huwa unaniita kwa kazi gani?" Usiwaulize "nina kipaji gani", watakupa maneno ya kukufurahisha.

Hatua ya 3: Pima hulka

Tumia mpangilio wa mwanasaikolojia John Holland wa Marekani, uliotoka mwaka 1959. Una makundi sita: R kazi za mikono na mitambo, I uchunguzi, A ubunifu, S huduma kwa watu, E kushawishi na kuongoza, C utaratibu na kumbukumbu. Dodoso la bure lenye maswali 60 liko mynextmove.org, ila ni la Kiingereza. Asiyekisoma kwa wepesi atafsiriwe swali kwa swali. Kila kundi lina maswali kumi na pointi 0 hadi 40. Tofauti ya pointi mbili tatu usiihesabu. Chukua herufi mbili za juu, uiache orodha ya kazi inayofuata, maana imepangwa kwa soko la Marekani.

Vipimo vya herufi nne vya Myers-Briggs sivipendekezi. Vinamkata mtu vipande viwili hata akiwa katikati, na akirudia baada ya wiki chache anaweza kupata herufi nyingine.

Hatua ya 4: Uliza siku ya jana

Kwa kila fani unayoifikiria tafuta watu wawili, mmoja awe na chini ya miaka mitatu kazini. Usiulize "kazi ikoje?" Uliza: "Jana ulifanya nini, tangu ulipofika hadi ulipotoka?" Mpima ardhi atakutajia kusimika bikoni (alama za mpaka) juani na kutuliza majirani wanaogombea mpaka, halafu siku nzima ya kukokotoa na kuchora kwenye kompyuta. Mfamasia atakutajia dirisha la dawa, na pia leja na kupanga dawa ili zinazokaribia kuisha muda zitoke kwanza. Hiyo ni S na C kwa pamoja. Asiyevumilia kumbukumbu atachoka mapema.

Hatua ya 5: Linganisha saa

Gawa siku hiyo kwa saa. Kama nusu ya saa au zaidi inaangukia matendo yenye alama za "naliweza" na "nalipenda", endelea. Ikipungua, badili nafasi kabla ya kuiacha sekta. Anayetaka hospitali lakini hawezi kukaa na wagonjwa ana maabara, kumbukumbu za afya, na ufundi wa vifaa tiba.

Hatua ya 6: Andika lengo, kisha tahasusi

Sentensi moja: kazi gani, na watu gani, mahali gani, kufikia mwaka gani. Ndipo uchague tahasusi, yaani masomo matatu ya kidato cha tano na sita, kama PCB (Fizikia, Kemia, Biolojia), EGM au HGL, ama chuo cha kati au VETA. Wa kidato cha nne hubadili tahasusi kwenye Selform, fomu ya uchaguzi ya TAMISEMI, matokeo yakishatoka, na dirisha hilo hufungwa, kwa hiyo hatua ya 1 hadi ya 5 zifanyike wakati bado mnasubiri matokeo.