Pikapu ya zamani: epoksi kwanza, pati baadaye

Kwa yeyote anayefufua pikapu ya zamani, iwe Peugeot 404 au Datsun 1200, ningependa kusisitiza jambo moja kuhusu praima, yaani rangi ya msingi inayopigwa kwenye bati kabla ya rangi yenyewe. Praima ya kawaida ya kujazia ina vitundu vidogo sana vinavyopitisha unyevu, hivyo gari linaloachwa nje hapa Nairobi wakati wa mvua za masika, kati ya Machi na Mei, likisubiri pesa za rangi, hushika kutu chini ya praima ileile ambayo mwenyewe anaamini inalilinda.

Kwa hiyo, bodi ikishakwanguliwa hadi chuma kitupu, ondoa mafuta yote, kisha siku hiyohiyo piga praima ya epoksi (ile ya kuchanganya resini na kigumishi), ambayo huziba chuma dhidi ya maji. Pati, yaani ule uji mzito wa kujazia sehemu zilizobonyea, ipakwe juu ya epoksi iliyokwisha kukauka na kusuguliwa kwa msasa, kwa unene usiozidi milimita 3 hivi; bonde likiwa na kina zaidi ya hapo, fundi aligonge kwanza bati lirudi mahali pake. Matundu ya kutu kwenye sakafu ya kubebea mizigo hayazibwi kwa pati hata kidogo, bali hukatwa na kuchomelewa bati jipya.

Katika baridi ya Julai epoksi hukawia kukauka, kwa hiyo subiri bati lipate joto la mchana. Vaa barakoa yenye kichujio cha mvuke wa kemikali, kwani kitambaa hakizuii chochote cha maana.