Jellyfin inakula prosesa na chipu ya video imekaa tu? Tafuta kwanza nani anakataa

Kama nyumbani una kakompyuta umeweka Jellyfin, ile programu ya kutunza video zako na kuzirusha kwenye TV na simu, alafu mtu akianza tu kucheki video feni inalia kama mashine ya kusaga na picha inaganda kila baada ya sekunde chache, soma hii taratibu. Mimi natumia kompyuta ya ofisi ya mtumba, prosesa Intel i5-6500T, Linux, Jellyfin iko ndani ya Docker (inayoendesha programu ndani ya kisanduku chake, yaani kontena), na kazi yake kubwa ni video za familia, harusi, sendofu, kipaimara. Mdogo wangu yuko Mwanza anazicheki kwa bando la simu, ndo maana lazima seva ipunguze video ya 4K iwe nyepesi kabla ya kumtumia. Huko kupunguza ndo kutranskodi, na ndani ya prosesa nyingi za Intel kuna kipande maalumu cha kazi hiyo kinaitwa Quick Sync, kiko kwenye chipu ya video, ambacho kinaifanya bila kutoka jasho wakati prosesa yenyewe inahema.

Wikendi mbili zilipotea nikiwasha na kuzima vitu kwenye mipangilio bila kusoma logi (faili ambamo programu inaandika ilichofanya na makosa yake) hata moja. Usifanye hivo. Kuna sehemu kama nne hivi ambapo chipu inaweza kukataliwa, na kila moja ina dawa yake, kwaiyo ukibahatisha unaweza kuharibu hata iliyokuwa nzima.

Anza na logi. Cheza video moja, kwenye kioo cha kuchezea shusha ubora uwe 720p ili ulazimishe kutranskodi, alafu nenda folda ya logi utafute faili linaloanza na FFmpeg.Transcode. Ukikuta ni FFmpeg.Remux basi picha haijaguswa kabisa, imehamishiwa tu kwenye faili la aina nyingine, hapo chipu haina kazi na hakuna ugonjwa. Kwenye logi ya kutranskodi soma ule mstari mrefu wa komandi, ukiona h264_qsv au h264_vaapi chipu imeitwa, ukiona libx264 ujue prosesa ndo imebeba mzigo wa kubana. Alafu shuka mpaka chini kabisa usome kosa lililoandikwa, nusu ya jibu liko hapo.

Sasa angalia kama mashine yenyewe inaiona chipu, nje ya Docker:

ls -l /dev/dri

Unatakiwa kuona renderD128. Kama hakuna, usihangaike na Jellyfin kwanza. Prosesa za Intel zenye herufi F mwishoni, mfano i5-10400F, hazina chipu ya video kabisa, na hii ni muhimu sana kwa anayenunua mtumba, soma jina lote mpaka herufi ya mwisho kabla hujatoa hela. Au BIOS (mipangilio ya mashine kabla Linux haijawaka) imeizima kwa sababu umechomeka kadi nyingine ya video, ingia uiwashe.

Kama ipo, basi ni zamu ya kontena, na hapa ndo wengi tunanasa. Kwenye faili la compose, lile la mipangilio ya kontena, weka hivi:

devices:
  - /dev/dri/renderD128:/dev/dri/renderD128
group_add:
  - "993"

Hiyo 993 usiikopi! Ya kwako itafute kwa getent group render, chukua namba itakayotoka. Kwanini namba na sio jina, kwa sababu kundi linaloitwa render kwenye mashine linaweza lisiwepo ndani ya kontena au likawa na namba nyingine, na kerneli (kiini cha Linux) inaangalia namba tu. Mimi nilikuwa nimeweka user: 1000:1000 ili kontena lisiendeshwe kama root (mtumiaji mwenye mamlaka yote), ni jambo zuri, ila logi ikawa inasema Permission denied, nikajiongeza kwenye kundi la render huku nje nikidhani imeisha, wapi, kontena halikujua lolote. Na ukishabadilisha faili andika docker compose up -d, ile restart peke yake haisomi mabadiliko.

Baada ya hapo iulize chipu inajua nini, ukiwa ndani ya kontena:

docker exec -it jellyfin /usr/lib/jellyfin-ffmpeg/vainfo

Itatoka orodha ndefu. Mstari wenye VLD maana yake chipu inaweza kufungua kodeki hiyo (namna video ilivyobanwa, mfano H.264, HEVC au AV1), wenye EncSlice maana yake inaweza kuibana. Kwangu VAProfileHEVCMain ilikuwepo ila VAProfileHEVCMain10 haikuwepo, na hapo nikaelewa kwanini video za zamani zinapita vizuri na za sendofu zinagoma: zilirekodiwa kwa iPhone ikiwa na HDR (mwanga na rangi pana zaidi), na hizo ni HEVC ya biti 10. Kizazi cha 6 cha Intel kinafungua HEVC ya biti 8 tu, biti 10 imeanza kizazi cha 7, na kufungua AV1 ni kuanzia cha 11. Kwaiyo kwenye ukurasa wa kutranskodi wa Jellyfin ondoa tiki kwa kila kodeki ambayo vainfo haikuitaja. Prosesa itafungua, chipu itabana, mzigo unagawanyika. Kwa video ndefu mimi naona bora kutengeneza nakala ya H.264 ya 1080p usiku mara moja tu, ile ya asili unaitunza.

Wenye vimashine vya N5095 au N5105 kwenu kuna la ziada, kwenye Linux chipu hizo zinabana kwa njia ya low-power (ya umeme kidogo) tu, kwaiyo tiki zake kwenye ukurasa huo huo ziwashwe na kwenye /etc/modprobe.d/i915.conf uandike options i915 enable_guc=2, alafu sudo update-initramfs -u kama uko Debian au Ubuntu, kisha uwashe upya.

Subtaito nazo zina mchango, zile za picha aina ya PGS mara nyingi lazima zichomwe juu ya video, hivo hata TV inayoweza kucheza faili moja kwa moja inajikuta inatranskodiwa. Tumia SRT, ambazo ni maandishi tu. Na ukiona No space left on device, folda ya muda ya kutranskodi imejaa, cheki kwa df -h.

Kuhakikisha imekubali, weka pakiti ya intel-gpu-tools, endesha sudo intel_gpu_top huku video inacheza, uangalie mstari wa Video. Ukipanda juu ya sifuri chipu iko kazini. Ukiona Render/3D nayo imepanda usishtuke, mara nyingi ni kazi ya kurekebisha rangi za HDR, na hiyo huwezi kuikwepa kama hutaki bibi harusi aonekane amepauka.